Mashine ya mkono ya kusagia nyama namba 10: mkate wa nyama kwa hela ya kawaida hapa Kigoma

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi wetu tunasoma mistari miwili tunapita: kama nyumbani mko watatu hadi watano, mnapenda nyama ya kusaga ila mfuko unagoma, hii mashine ya chuma ya kuzungusha kwa mkono chukua. Kama mko kumi na mbili, au una mpango wa kukaanga sambusa za kuuza stendi, achana nayo, bega litakukumbusha usiku.

Kwetu tuko wanne, mimi, mke wangu na watoto wawili, na jikoni mara nyingi niko mimi kwa sababu mwenzangu ni nesi, akiwa na zamu ya usiku msosi wa jioni ni kazi yangu na wala sioni shida. Kilichonipeleka kutafuta mashine ni mkate wa nyama. Kwa asiyeujua, ni ule wa Wamarekani, nyama ya kusaga inachanganywa na mkate mkavu, yai na kitunguu, inawekwa kwenye kopo, inaokwa, halafu unakata slesi. Kwao ulishika sana miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka, kila mtu anatafuta namna ya kufanya nyama kidogo itoshe meza nzima. Yaani ni chakula cha kubana matumizi tangu zamani. Sasa huku kwetu mtu akiupika anaupika wa kitajiri, kilo moja na nusu ya steki tupu, jibini juu, sijui nini na nini, halafu anakwambia mkate wa nyama ni gharama. Lazima uwe gharama bana, umeutoa kwenye kazi yake.

Mashine nimeipata Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, kwenye maduka ya vyombo karibu na soko. Utakuta za aina mbili. Kuna za alumini, nyepesi, zinang'aa, na kuna za chuma kizito kilichopakwa bati, ukiishika mkono unashuka. Zote zina namba ubavuni, 5, 8, 10, 12, 22 mpaka 32, namba ikipanda mdomo unakuwa mkubwa na kuzungusha kunakuwa kuzito. Familia ndogo ni 8 au 10, basi. 

Muuzaji alinisukumia ya alumini. "Kaka chukua hii, nyepesi, shemeji hatachoka." Nikamwambia shemeji yako hasagi, nasaga mimi. Akacheka, "Basi chukua ya chuma boss wangu, mkono unao." Akaanzia 60,000, tukavutana, tukamalizana 45,000. Boksi limechoka, maelezo hamna, ndani kuna sahani mbili za matundu, moja ya matundu madogo moja makubwa, kisu chenye makali manne, na vifaneli vya plastiki vya kujazia soseji ambavyo mpaka leo watoto wanachezea mchanga.

Kwa nini sio alumini? Kuna jirani anayo. Uzi wa ile pete ya mbele umeshaanza kulika, ukikaza inateleza, na akiiosha kwa sabuni kali inatoa weusi kwenye vidole. Vidole vikitoka vyeusi na nyama je?

Inavyofanya kazi sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wananunua, wanajaribu, wanasema feki, wanaitupa juu ya kabati. Unaibana kwenye ukingo wa meza na ile skrubu ya chini. Meza iwe ya mbao nene, ya plastiki au ya kioo sahau kabisa. Kati ya skrubu na mbao mi nimeweka kipande cha ndala kuukuu, haitelezi hata nikizungusha kwa hasira. Halafu kisu: kina upande bapa na upande uliovimba, na ule bapa lazima uangalie nje, ulalie kwenye sahani ya matundu. Ukikigeuza, nyama haikatwi, inapondwa, inatoka kama uji wa kijivu, na hapo ndo utasikia mtu anailaani China nzima wakati kisu ndo kimekaa kinyume. Pete ya mbele kaza kwa mkono mpaka mwisho, ikilegea hata kidogo sahani inaachana na kisu na matokeo ni yaleyale.

Nyama nayo ina masharti. Kata vipande vya saizi ya dole gumba, toa kano ndefu, na iwe ya baridi kweli. Mwenye friza aweke nusu saa mpaka kingo zianze kukakamaa. Asiye na friza anunue zile barafu za mtaani, atie kwenye beseni, bakuli la nyama likae juu yake pamoja na kisu na sahani. Joto la hapa Kigoma si la mchezo, mafuta yakishaanza kulainika yanajipaka ndani ya mashine na nyama haitoki vizuri. Na ukizungusha ukasikia mkono ghafla umekuwa mzito halafu kinachotoka ni cheupe cheupe, simama, usilazimishe. Fungua pete, utakuta kano imejiviringisha kwenye kisu, itoe, funga, endelea.

Mwisho wa kusaga pitisha kipande cha mkate mkavu. Kinasukuma nyama yote iliyobaki ndani, ambayo si kidogo, na huo mkate wenyewe unauhitaji kwenye mchanganyiko, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Hii peke yake ilinifanya niipende mashine.

Mtu atauliza, si usagishe buchani tu yaishe? Bucha lenye mashine ya umeme lipo, siwezi kukataa, na ni haraka. Ila kuna bucha moja sitalitaja nilipeleka nyama yangu safi nimeichagua mwenyewe, ikarudi na mafuta ambayo sikununua, maana mashine ilikuwa bado na mabaki ya mteja aliyetangulia na sijui ilioshwa lini. Ile ambayo wameshaisaga tayari ndo kabisa, hujui ni sehemu gani ya ng'ombe na inauzwa juu kuliko ya kawaida. Lakini tuseme bucha ni safi na muuzaji ni mwaminifu, bado hatakubali umwagie maharage ya kuchemsha kwenye mashine yake, wala samaki, na ana haki. Na kwangu hapo ndo faida ilipo. Kusaga nyama nyumbani hakukuokolei hela nyingi. Kinachookoa hela ni vile vitu vingine unavyovipitisha mlemle pamoja na nyama.

Msingi ninaotumia ni huu: nyama nusu kilo, mkate mkavu slesi tatu zilizolowekwa kwenye robo kikombe ya maziwa au maji, yai moja, kitunguu kilichokaangwa kikalainika, kitunguu saumu, pilipili manga, na chumvi kijiko kimoja cha chai bila mlima (natumia ya Uvinza, ya nyumbani kwanza). Mkate ule uliolowa kazi yake ni kushika maji ya nyama yasikimbie wakati wa kuoka, ukiuacha unapata kitu kigumu kinachoruka kwenye sahani. Changanya kwa vidole, kidogo tu, vikishashikana acha. Ukikanda kama chapati umekwisha, nyama inakaza.

Na jambo ambalo mapishi ya Wamarekani hayakwambii kwa sababu ng'ombe wao wananenepeshwa kwa nafaka: ng'ombe wetu wa kienyeji ametembea, nyama yake ni kavu, haina mafuta ndani. Ukifuata mapishi yao neno kwa neno unakula vumbi. Dawa ni nundu. Mwambie wa buchani akukatie kipande kidogo cha nundu, gramu mia hivi kwa nusu kilo ya shingo au ya kifua, saga pamoja. Nundu ikikosekana, kijiko kimoja cha mawese kinasaidia, rangi inakuwa nzuri ajabu, ila kisizidi kimoja maana harufu itafunika kila kitu.

Kuoka, mi ni jiko la mkaa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini sentimita mbili tatu, lipashe moto kwanza, weka kopo la mkate (fundi bati atakukunjia la nusu kilo, la kilo moja ni kubwa mno kwa kipimo hiki, mkate unalala bapa), funika na mfuniko wa bati, mkaa mwingi juu na mchache chini. Kwa nusu kilo hesabu dakika 45 hadi 50, wenye oveni weka nyuzi 180, muda ni huohuo. Nyama ya ng'ombe ya kusaga inatakiwa ndani ifike nyuzi 71, na hapa msilete mambo ya "nusu mbichi ndo tamu", hiyo waachie wenye steki, ya kusaga uchafu wa juu umeshaingia mpaka katikati. Kipimajoto huna, choma kisu katikati kabisa, maji yakitoka mekundu rudisha. Ukiutoa usiukate, uache dakika kumi, la sivyo unapukutika wote na mchuzi unaishia kwenye kibao.

Juu napaka tomato ya pakti, sukari kidogo, ndimu na pilipili, dakika kumi za mwisho. Wamarekani wanapaka kechapu na sukari, ni kitu kilekile.

Haya, tuje kwenye aina zenyewe.

Wa maharage ndo mfalme wa nyumba yetu. Maharage ya Kasulu yaliyochemshwa, yale ya jana yaliyobaki ni bora zaidi, unayachuja maji yote, unayapitisha kwenye sahani ya matundu makubwa. Nyama robo tatu ya nusu kilo, maharage vikombe viwili. Tatizo lake ni majimaji, kwa hiyo usiloweke mkate, utie mkavu. Ukishaokwa na bizari kidogo, wallahi mgeni hajui. Mama mkwe alikuja, akala slesi mbili, akaniuliza, "Baba, nyama yote hii mmenunua wapi tarehe kama hizi?" Nikanyamaza tu nikamwongezea.

Wa kuku aliyestaafu. Kuna watu wanafuga kuku wa mayai, wakiacha kutaga wanawauza kwa bei ya kutupa maana nyama yake ukichemsha mpaka gesi iishe bado inakushinda. Kwenye mashine hana ujanja. Toa nyama kwenye mifupa, ngozi usitupe, isage yote humohumo ndo mafuta yenyewe, mifupa chemsha supu ya kesho. Kuku ndani apande mpaka nyuzi 74, muongezee dakika tano. Ladha yake ina nguvu kuliko broila, mi naona hata ya ng'ombe anaikaribia.

Wa moyo na maini. Moyo wa ng'ombe ni nyama tupu, bei yake iko chini, na unasagika vizuri kuliko sehemu yoyote nyingine niliyojaribu, weka nusu kwa nusu na nyama ya kawaida. Maini weka robo tu, zaidi ya hapo watoto wanakugundua. Maini yanaponyoka kwenye mashine, yanarudi juu, yanakurukia shati, kwa hiyo yagandishe kwanza au yakate kwa kisu tu ujiepushe na vita.

Wa samaki unahitaji uvumilivu. Mgebuka mbichi, ukiamka mapema ushuke mwaloni Kibirizi utampata mzuri, unatoa mifupa yote na ngozi, sahani ya matundu madogo, halafu viazi vya kuchemsha vilivyopondwa kwa mkono badala ya mkate, bizari, ndimu, kotimiri. Unaiva haraka, nusu saa inatosha. Mtamu sana ila si wa kubana matumizi kila msimu. 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 huo tuliusahau kabisa, tukarudi kwenye maharage. Dagaa wakavu msithubutu kuwapitisha kwenye hii mashine, wanakwaruza kisu bure, kinu kipo.

Muhogo wa kuchemsha unakubali pia, mradi utoe ule uzi wa katikati, usipoutoa utauokota kwenye kisu. Na ugali uliolala unafanya kazi ya mkate vizuri tu, upitishe kwenye mashine, kikombe kimoja kwa nusu kilo, slesi zake zikipoa zinashikana kiasi kwamba asubuhi unazikaanga kwenye mafuta kidogo zinapiga rangi nje, hapo na chai ya rangi... sisemi kitu.

Ukitaka kuwashangaza watoto, panga mayai ya kuchemsha katikati halafu funika na mchanganyiko. Wajerumani wanao wa hivyo, wanauita Falscher Hase, sungura wa uongo. Kila slesi ina duara la yai katikati na mkate umekuwa mnene bila kuongeza nyama, mayai matatu yanatosha.

Hesabu ya wa maharage kwa bei za sokoni za sasa hivi nilipo, na zinapanda na kushuka: nyama na nundu kama 5,000, maharage tayari yalikuwa sufuriani, yai, kitunguu, tomato, mkaa, haufiki 8,000. Zinatoka slesi nane hadi kumi. Jioni tunakula wanne na wali au ugali na mchicha, asubuhi zinabaki za kwenye mkate wa watoto wa shule. Nyama ileile ningeipika mchuzi ingeisha usiku huohuo na bado mtu analalamika kapewa mfupa.

Mabaya yake sasa, maana si malaika. Kuosha ni kazi. Lazima uifungue yote, maji ya moto, sabuni, brashi ndogo ya kuingia kwenye matundu, halafu ukaushe HAPOHAPO. Ukiiacha na maji usiku mmoja asubuhi kisu kina kutu. Nikimaliza naiweka dakika chache karibu na jiko ikauke kabisa, napaka mafuta ya alizeti kwa kitambaa. Usipake mawese, yanaganda, yananata, na safari inayofuata nyama inaanza na rangi ya chungwa na harufu ya zamani. Sahani na kisu vikae pamoja daima, vinazoeana, ukichanganya na vya mashine nyingine havilaliani.

Lile bati lililopakwa nje nalo ni jepesi, kwenye mpini limeshaanza kutoka. Ndani bado liko vizuri, lakini nalichungulia, siku likianza kutoka ndani itabidi tuongee lugha nyingine. Na skrubu ya kubania ni fupi, meza nene sana haiingii.

Halafu suala la kuazima. Ukiwa na hii mashine mtaa mzima unayo. Mi sikatai, ila nimeweka sheria mbili: irudi kavu, na kitimoto isipite humo, kwa sababu nusu ya wanaoiazima ni Waislamu, wengine wa kutoka huko Ujiji kabisa, na mtu akikuamini kwenye chakula usimchezee. Anayetaka kusaga kitimoto anunue yake, 45,000 sio mahari.

Umeme ukikatika haikuhusu, hilo nalo liandikwe upande wa mazuri.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya bati la mpini na boksi kukosa maelezo, wangechora tu hata picha ya kisu kinavyokaa wangeokoa ndoa za watu. Ukienda kununua fungua boksi hapohapo dukani, lalisha kisu kwenye sahani uangalie kama kuna mwanga unapita katikati, ukiuona rudisha uombe nyingine. Zungusha mpini bila kitu, ukwame usikwame, sikiliza kama kuna mahali chuma kinasugua ubavuni. Na uliza kama visu vya akiba vya namba yako vipo, cha 8 hakiingii kwenye 10, wauzaji wengine watakwambia kinaingia.